Makanisa yetu yanapima mafanikio kwa kipimo kisicho cha Biblia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni kuhusu jambo ambalo hurudi kila mwaka huku kwetu Tabora, masoko ya tumbaku yanapofunguliwa na wakulima wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanapoanza kulipwa. Ndipo mabango ya mikutano ya mafanikio hubandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi, yakimwahidi mkulima kwamba mwaka huu ni wa kuvuka kwake, kwamba akipanda mbegu ya fedha madhabahuni atavuna mara mia, na kwamba Mkristo aliye maskini ni Mkristo asiyejua haki zake. Uhuru wa kuhubiri unalindwa na Katiba ya nchi na sina ugomvi nao. Ninachokipinga ni fundisho lenyewe, kwa sababu linadai kutoka katika Biblia ilhali Biblia, ikisomwa sura nzima badala ya mstari mmoja mmoja, inasema jambo lingine kabisa. Wala makanisa yetu ya zamani, yasiyobandika mabango, hayako nje ya lawama hii, kama nitakavyoeleza.

Ninavyoyaelewa Maandiko, mtu amefanikiwa anapokutwa mwaminifu kwa Mungu na kwa jirani yake katika kile alichokabidhiwa, kiwe kingi au kidogo. Mtume Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 4:2 kwamba linalohitajiwa kwa mawakili ni mtu kuonekana kuwa mwaminifu, na hapo hakuongeza sharti jingine. Mali inaweza kuandamana na uaminifu huo au isiandamane, na pale isipoandamana hakuna anayeruhusiwa kusema kwamba Mungu amemkataa mtu huyo.

Wahubiri wa mafanikio humpenda sana Yusufu, nami ninampenda, ila hatuanzi kusoma ukurasa mmoja. Wao huanzia Mwanzo 41, Farao anapomvika pete na mkufu wa dhahabu na kumpandisha katika gari lake la pili. Mimi naomba tuanzie sura ya 39, inaposemwa: “Bwana akawa pamoja na Yusufu, naye akasitawi.” Maneno hayo yanasemwa juu ya mtumwa. Ameuzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha, hana ujira, hana shamba, na hata mwili wake ni mali ya Mmisri aliyemnunua. Sisi tunaoishi kwenye njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora hadi Bagamoyo, ambako katika karne ya 19 binadamu walipitishwa wakiwa wamefungwa pamoja na kubebeshwa pembe za ndovu, tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuupita mstari huo harakaharaka. Kisha mambo yanazidi kuwa mabaya. Yusufu anasingiziwa, anatupwa gerezani, na sura ileile inafungwa kwa kusema kwamba yote aliyoyafanya humo gerezani Bwana aliyafanikisha. Kama mwandishi wa Mwanzo angekuwa na kipimo cha mabango yetu, angelihifadhi neno hilo mpaka pete ya Farao itokee; na kama Yusufu angefia gerezani, mistari hiyo ingebaki ya kweli vilevile.

Yafaa tuulize basi Yusufu alifanikiwa katika nini siku zile ambazo hakuwa na chochote. Alikataa kumwibia bwana wake heshima ya nyumba yake, ingawa hakukuwa na shahidi. Alipewa usimamizi wa wafungwa wenzake, na asubuhi moja alipoona nyuso za wawili kati yao zimekunjamana, aliwauliza kulikoni. Mtu aliyefungwa kwa uonevu, ambaye kila mtu angemwelewa kama angejikunyata kwenye kona yake akiomboleza, bado ana macho ya kuona huzuni ya mwingine. Na hata alipopanda cheo, kazi aliyopewa ilikuwa kuweka akiba ya nafaka ili watu wasife kwa njaa, wakiwemo ndugu waliomuuza.

Mstari mwingine unaoimbwa sana ni 3 Yohana 2, ambapo mzee anamwombea Gayo afanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya, kama vile roho yake ifanikiwavyo. Hiyo ni salamu ya mwanzo wa barua, ya aina ambayo sote tuliandika zamani za barua za posta, na ni dua njema. Lakini ukiendelea kusoma mistari michache tu unaona Gayo alisifiwa kwa lipi: aliwapokea wageni, hata wasiomjua, akawasafirisha vizuri walipoondoka. Sifa yake ilikuwa mlango wake uliokuwa wazi. Katika mikutano ile nimesikia mstari wa pili ukirudiwa hadi watu wakaukariri. Wa tano na wa sita sijausikia ukisomwa hata kidogo.

Huo si mstari unaonisumbua zaidi. Unaonisumbua zaidi ni Yeremia 29:11, uliopakwa rangi kwenye vioo vya mabasi na milango ya maduka kuanzia hapa hadi Mwanga, Kigoma: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya.” Ni maneno ya nabii kwa watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu kwenda Babeli, yaani, kwa lugha ya siku hizi, wakimbizi. Manabii wengine walikuwa wakiwaambia kwamba mambo yatanyooka upesi. Yeremia akawaandikia wasidanganyike, kwa kuwa ni miaka 70. Akawaagiza: “Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake.” Akawaambia waoe na kuoza, tena wautakie amani mji ule ule uliowateka na kuuombea kwa Bwana. Wengi waliopokea barua ile walikuwa watu wazima, na kwa hesabu ya miaka hiyo 70 walizikwa Babeli kabla ya ahadi kutimia. Nani atasema hawakufanikiwa, kama walijenga, walipanda, waliomba na waliwalea watoto waliorudi?

Mkoa wetu unaielewa barua hiyo kuliko mabango yanavyoielewa. Makazi ya Ulyankulu yalianzishwa kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi. Waliofika pale walikuta pori la miombo, wakafyeka, wakajenga, wakalima mahindi na tumbaku, wakainua makanisa kwa matofali ya kufyatua wenyewe, wakasomesha watoto bila kujua kama watoto hao wangekuwa raia wa nchi yoyote. Vyeti vya uraia wa Tanzania kwa wakimbizi wa mwaka 1972 vilianza kutolewa mwaka 2014, baada ya miaka 42. Wapo wazee waliokufa kabla ya kuvishika. Nimewahi kuabudu huko, na ninaamini kwamba mhubiri akisimama mbele ya wazee wale na kuwaambia kwamba Mungu humvusha mtu wake ndani ya siku 40 za maombi na mbegu, watamsikiliza kwa adabu kama ilivyo desturi, kisha watarudi kuisoma Yeremia 29 yote. Hata katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyopo tangu mwaka 1996, watu humwimbia Mungu kila Jumapili wakiwa hawana ardhi wala ruhusa ya kutembea watakako. Fundisho lolote la mafanikio lisiloweza kuhubiriwa Nyarugusu bila kuwatukana wasikilizaji si Injili.

Madhara ya kipimo hiki kibovu si ya nadharia. Mwaka 2009 Serikali ilipousimamisha upatu uliojulikana kwa jina la DECI, maelfu ya Watanzania walikuwa wameweka humo akiba zao, na lugha iliyowavuta ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna, lugha waliyokuwa wameizoea kanisani. Mwezi Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkutano wa dini walipokuwa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Nia yangu si kumshtaki mtu. Vyombo vinavyohusika vilikuwa na kazi yao. Ninasema tu kwamba mtu hukimbilia mafuta hadi kumkanyaga mwenzake iwapo amefundishwa kuwa baraka ni kitu cha kuwahi.

Huku kwetu hasara huja kimyakimya. Mkulima wa tumbaku huuza kupitia chama chake cha msingi, na kabla hajashika shilingi, mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine hukatwa. (Kuhusu tumbaku yenyewe na misitu inayoteketea kwenye mabani ya kukaushia majani yake, Mkristo ana maswali mengine ya kujibu, lakini hayo yahitaji barua yake.) Kinachobaki ndicho ada, ndicho bati, ndicho chakula cha mwezi wa pili njaa inapoanza kubisha hodi. Anapokitoa nusu yake madhabahuni kama mbegu bila hata kumshauri mkewe ambaye alichuma na kufunga majani pamoja naye, kisha asione mavuno yaliyoahidiwa, huambiwa kwamba alitoa kwa mashaka. Angalia jinsi fundisho hili lilivyojilinda: ukipata, mbegu imeota, ukikosa, imani yako ni haba. Hakuna tukio lolote duniani linaloweza kumfanya mhubiri awajibike. Mgonjwa naye, au mwanamke asiyejaliwa mtoto, huongezewa juu ya maumivu yake tuhuma ya laana ya ukoo, ingawa Bwana Yesu, alipoulizwa katika Yohana 9 ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake.

Sasa nigeukie makanisa yetu ya zamani. Mimi ni Mmoraviani, na kazi ya kanisa letu huku ilianzia Urambo mwaka 1898, kwa hiyo nazungumza na watu wa nyumbani. Kwetu hatuuzi mafuta. Hata hivyo, angalia ibada ya shukrani au harambee ya jengo. Mgeni rasmi ana kiti chenye kitambaa, jina lake linatajwa pamoja na kiasi alichotoa, na waumini wanapiga makofi kwa kadiri ya tarakimu. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, alieleza picha hiyo hiyo, mtu mwenye pete ya dhahabu akiambiwa aketi mahali pazuri na maskini akiambiwa asimame pale, kisha akauliza kama hatujawa waamuzi wenye mawazo mabovu. Tunapotaka kuwahimiza maskini watoe, tunasoma habari ya mjane na senti zake mbili katika Marko 12. Ni habari nzuri, lakini mstari unaoitangulia, wa 40, Yesu anawalaani viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Anayeihubiri habari ya mjane bila mstari huo amechukua upande mbaya wa hadithi. Na ipo mahali ambapo familia ikifiwa, jambo la kwanza kuulizwa ni kama marehemu alikuwa amelipa michango yote. Siwezi kuona tofauti kubwa kati ya kanisa hilo na yule mwenye bango. Wote wawili wanasoma daftari la fedha kwanza, na mtu baadaye.

Najua nitajibiwa kwamba ninasifia umaskini, na kwamba mahubiri ya namna yangu ndiyo yaliyowalaza Waafrika wakisubiri mbingu huku wengine wakijenga dunia. Pingamizi hilo lina uzito, nami silipuuzi. Umaskini wa kukosa dawa na daftari si utakatifu. Biblia inamtaja bila kumlaumu Lidia, mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, ambaye nyumba yake ilitosha kuwapokea Paulo na wenzake. Inakubali katika Kumbukumbu la Torati 8:18 kwamba Mungu ndiye ampaye mtu nguvu za kupata utajiri. Na Paulo hakuwaficha Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Kinachotofautiana ni swali linaloulizwa. Paulo anapomwagiza Timotheo nini cha kuwaambia matajiri, hamwambii awapongeze wala awafukuze, bali awaagize wasijivune, wawe matajiri kwa kutenda mema, na wawe tayari kushirikiana na wengine. Zakayo aliitwa mwana wa Ibrahimu siku alipopunguza mali, si siku alipoiongeza, na sehemu ya kupunguza huko ilikuwa kurudisha mara nne alichokuwa amewadhulumu watu.

Kwa mkoa unaoishi kwa mizani, jambo hili ni la kila siku. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Mkulima anayefunga robota la tumbaku bila kuficha majani mabovu katikati, mrina asali asiyeongeza sukari iliyochemshwa, karani wa chama ambaye makato yake yanalingana na vitabu, mfanyabiashara wa dagaa wa Kigoma asiyechanganya mchanga ili gunia liwe zito: watu hawa mara nyingi hupata kidogo kuliko wenzao wadanganyifu, angalau kwa msimu huo. Kwa kipimo cha bango wameshindwa. Kwa kipimo cha Mithali wao ndio wa kuitwa mbele ya kanisa.

Kama mtu anataka mfano wa karibu, asiende mbali na Ziwa Tanganyika. Adrian Atiman alizaliwa katika miaka ya 1860 katika nchi inayoitwa leo Mali, akatekwa na wauza watumwa angali mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria akakombolewa na Wamisionari wa Afrika. Walimpeleka Malta akasomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Katavi, naye akabaki hapo akiwatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67 katika kituo kimoja. Alioa hapo hapo, na mwanawe akawa padre. Mimi si Mkatoliki, na sina haja ya kumfanya mtu huyu wa upande wangu ili nimheshimu. Mtoto aliyeporwa kila kitu, hata jamaa na lugha ya mama yake, alipopata elimu ambayo Waafrika wachache mno wa wakati wake waliipata, aliitumia kwa wavuvi na wakulima wa kijiji ambacho hata leo kukifika kunataka subira. Sijui ni bango gani lingemtangaza. Lakini nikisoma kwamba Bwana alikuwa pamoja na Yusufu, naye akasitawi, naona ni maneno yanayoweza kuandikwa juu ya mtu huyu bila kubadilisha chochote isipokuwa jina.

Kwa hiyo nina maombi machache. Wachungaji wa makanisa yetu, tunapotenga muda wa ushuhuda, tusiwaite mbele wenye pikipiki mpya tu. Tumwite pia aliyemaliza deni lake, aliyekataa rushwa akakosa kazi, aliyemuuguza mkwe miaka mingi bila kunung'unika, na wakulima waliopata hasara ya mvua na bado wapo kanisani. Hesabu za sadaka zisomwe hadharani kila robo mwaka, pamoja na kiasi kilichowafikia wajane na yatima, maana wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya msimu wa masoko, badala ya kuandaa mkutano wa mavuno peke yake, tuwakalishe mume na mke pamoja wapange matumizi ya fedha ya tumbaku kwa kalamu na karatasi, na mchango wa kanisa uwe mstari mmoja katika karatasi hiyo, usiwe wa kwanza kwa vitisho. Na sisi wazazi tupunguze kuwauliza vijana waliorudi kutoka Dar es Salaam au Mwanza wamekuja na nini, maana baadhi yao hawarudi kabisa, hata kwenye misiba, kwa aibu ya kuja mikono mitupu.

Nawe Mhariri, gazeti lako huandika mara kwa mara habari za watu waliofanikiwa, na karibu zote huishia kwenye idadi ya magari na nyumba. Naomba mwandishi wako akija kanda ya magharibi apande basi hadi Ulyankulu, akawatafute wazee wa mwaka 1972 na kuwauliza wao wanaelewaje jambo hili. Wahubiri wasiokubaliana nami wanakaribishwa kunijibu katika safu hii, ila naomba majibu yao yaanzie Mwanzo 39, kabla ya kufika sura ya 41.

Mzee wa Kanisa,
Isevya, Tabora.